Maili za Miguu

Katika hoteli zote zinazouzunguka uwanja wa ndege wa Minneapolis, hapakuwa na mtu aliyejua kutandika kitanda kumshinda Ernestine Bagalwa. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema jambo hilo, kwa sauti, kwenye chumba cha nguo chafu, wenzake wakikunja mataulo. Shuka lake lilikuwa limetulia kama maji ya ndoo. Kisha aliongeza, kwa kuwa hakupenda kusema nusu ya habari, kwamba yeye alikuwa akilala kwenye kochi huko Hopkins, na kochi halitandikwi.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Vyumba vyake vilikuwa kumi na sita kwa siku, vyote ghorofa ya tatu. Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2017, alifungua chumba 318 akakuta kitanda hakijalaliwa. Mito ilikuwa bado na alama ya kiganja chake katikati, vile alivyoipiga jana yake. Sabuni haijafunguliwa. Kikombe kimoja cha kahawa kilikuwa kwenye pipa la taka, basi. Jumanne iliyofuata ikawa vilevile, na ya tatu pia. Ernestine hakuwa mtu wa kuona kazi imepungua akalia, lakini kitanda chake kukataliwa namna ile kulimkera, kama kumwekea mgeni ugali mezani akautazama tu na kuondoka.

Jumanne ya nne aliwahi. Akamkuta mwanamke wa makamo amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa sare ya wauguzi na koti juu yake, anaongea na simu kwa Kiswahili cha Nairobi. Alipomaliza, Ernestine aliuliza:

"Kitanda changu kina nini?"

"Hakina kitu, Mum. Mimi tu silali. Nina-check in, nakunywa kahawa, naenda job."

"Unalipa kitanda halafu hulali?"

"Silipi kitanda, nalipa pointi. Nikifikisha nights ishirini na tano napata hadhi ya dhahabu. Nikiwa na hadhi, siku nitakayolala kweli, watanipa chumba kikubwa na breakfast ya bure."

"Siku hiyo itakuwa lini?"

Mwanamke alifikiri. "Bado," alisema.

Jina lake lilikuwa Peris Muriuki, na alikuwa muuguzi katika nyumba moja ya wazee kule Bloomington. Kwenye mkoba wake mlikuwa na kadi saba za benki. Moja ilizaa maili, pointi za kununulia tikiti za ndege, akinunua petroli, nyingine akinunua chakula, nyingine akilipia simu, na hata pakiti ya chumvi hakuinunua kwa pesa taslimu. Kwa hesabu za maili hakuna Mkenya wa Minnesota aliyemfikia. Alikuwa na miaka tisa hajafika kwao Nyeri, kwa sababu kila maili zilipotosha tikiti, aliona kwamba akivumilia kidogo zitatosha kiti cha kulala.

Wanawake hao wawili wakawa marafiki. Jumamosi moja Peris aliendesha gari mpaka Hopkins, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akasalimiana na mama Donatille, mwenye nyumba na mwenye chumba cha kulala, akakaa kwenye kochi ambalo ndilo lilikuwa chumba cha Ernestine, akafungua kompyuta yake mapajani.

"Mum, wewe umepanda ndege ukija hapa. Hizo maili ziko wapi?"

"Sikupewa kitu. Nilipewa mfuko wa plastiki wenye herufi za shirika lililotusafirisha, tukaambiwa tusiuachie."

"Basi tunazidai. Kampuni ya ndege inakubali safari za zamani. Nitajie safari zako zote, kuanzia ya kwanza."

Ernestine alikuwa mtu wa kujibu swali vile lilivyoulizwa.

"Ya kwanza, nilikuwa natoka kwetu Kaniola kwenda soko la Bukavu na mihogo mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso. Kila wiki, tangu niko msichana. Halafu vita vya tisini na sita, nikakimbia kutoka Kaniola mpaka Mwenga."

"Kwa usafiri gani? Kwa gari?"

"Kwa miguu. Mwanangu Rachelle mgongoni, mihogo nikaiacha. Mwenga tukakaa siku tisa, tukakimbia tena, Fizi, Baraka, tukavuka ziwa kwa boti ya injini, tukafika Kigoma. Kutoka Kigoma lori la UN mpaka kambini Nyarugusu. Hapo nikakaa miaka kumi na tisa."

"Hapo hukusafiri."

"Nilikuwa naenda maji. Na kuni."

Peris aliandika yote. Fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza, na yeye hakuwa mtu wa kuacha nafasi wazi. "Kuuliza hakukatwi kodi," alisema, akabonyeza.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Kampuni ilimshukuru mama Bagalwa kwa uaminifu wake wa miaka mingi. Ilikuwa imezihesabu safari zote alizozitaja, na nyingine ambazo alikuwa amezisahau, na orodha ilikuwa imeambatanishwa, kurasa mia nne na kumi na mbili. Safari za maji zilikuwa zimepangwa kwa tarehe. Safari ya kumzika mumewe ilikuwamo, kwenda na kurudi. Kutembea kulihesabiwa kawaida. Kutembea na mzigo unaozidi kilo ishirini kulihesabiwa mara mbili. Kukimbia kulihesabiwa mara tatu, sawasawa na abiria wa daraja la kwanza. Kwa mtoto aliyekuwa mgongoni hakulipwa kitu, kwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka miwili anayebebwa na mzazi haingizi maili.

"Rachelle alikuwa na miaka mingapi?" Peris aliuliza.

"Mwaka mmoja na miezi kumi."

"Ai! Miezi miwili tu, wangekupa yake yote mara tatu. Hapo wamekupiga, Mum."

"Alikuwa mzito," Ernestine alisema.

Jumla ilikuwa maili laki moja, elfu themanini na saba, mia nne na kumi na mbili. Peris aliisoma namba hiyo mara mbili, akafunga kompyuta taratibu. "Umenipita," alisema, na siku hiyo hakula mchicha aliopikiwa.

Kadi ilikuja kwa posta, nyeusi, nzito kuliko kadi ya kawaida, jina lake limechongwa. Peris alimweleza masharti yake kwa mkazo wa mtu anayemkabidhi mwenzake ufunguo wa ghala. Maili zinaisha tarehe thelathini na moja Desemba zisipotumika. Usizibadilishe kwa sufuria. Usizibadilishe kwa saa ya mkono. Na zaidi ya yote, usikubali wakupe majarida. "Kuna watu wanachukua majarida," alisema. "Maili za kukufikisha Nairobi, unaletewa picha za boti. Hao ndio mafala wa hii nchi."

Kadi nyeusi ilikuwa na zawadi ya usiku mmoja wa bure katika hoteli yoyote iliyoungana na kampuni, na hoteli ya Ernestine ilikuwa mojawapo. Msimamizi wake, Maurice, aliiona kadi, akainuka, akamwita Madame Bagalwa, akampa ufunguo wa 318, chupa ya maji na biskuti mbili. Ernestine alilala upande mmoja wa kitanda, viatu vyake karibu na kichwa, kama alivyozoea tangu Mwenga. Saa mbili asubuhi alivaa sare akachukua karatasi ya vyumba vyake vya siku hiyo. Cha kwanza kilikuwa 318. Alikisafisha. Mgeni hakuwa ameacha bakshishi.

Habari zilifika kanisani, maana habari hazina mahali pengine pa kwenda. Kaka Sosthène, mwongoza kwaya, aliomba safari moja tu ya kumwona ndugu yake Ohio. Mzee mmoja aliomba ya Texas. Ernestine aliwajibu wote kwa upole kwamba maili hizo zina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Rachelle, yule aliyekuwa mzito. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa Nyarugusu bado, akiuza nyanya kwa mafungu karibu na kisima, na mtoto wake wa kiume mgongoni. Mwaka 2015 majina ya kwenda Marekani yalipobandikwa ubaoni, jina la Ernestine lilikuwapo na la Rachelle halikuwapo. Ernestine alimweleza binti yake kwamba ni kosa la kompyuta. Kompyuta ya wazungu ilikuwa ya zamani, imejaa vumbi, ilimsahau. Akifika huko atawaambia waikumbushe.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa tatu asubuhi ya Hopkins, saa kumi na mbili jioni ya kambini, Rachelle alipiga simu, na baada ya salamu na habari za mtoto aliuliza:

"Mama, kompyuta imenikumbuka?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Mama Donatille, aliyekuwa jirani yao kambini kabla ya kuwa mwenye nyumba wa Ernestine huko Hopkins, alikuwa na tabia ya kuinuka mazungumzo yanapofika hapo. Alikwenda bafuni kufua. Kulikuwa na mashine chini ya jengo, lakini yeye aliamini mikono, na kila Jumamosi nguo zilezile zilisikika zikipigwa ndani ya beseni.

Mwaka wa kwanza Ernestine alikwenda Saint Paul, kwenye ofisi inayoshughulika na makaratasi ya familia. Mama mmoja wa pale alifungua faili lake, akasoma, akamtazama kwa muda mrefu, akalifunga. Ernestine aliporudi alimwambia Donatille kwamba yule mama alikuwa anaumwa jino. Hakurudi tena.

Lakini kadi nyeusi ilikuwa kitu kingine. Kadi hiyo haikuwa imetoka ofisini. Ilikuwa imetoka miguuni kwake, na miguuni kwake Rachelle alikuwamo. Majira ya joto yakapita, majani yakaanguka, na Ernestine alikuwa bado akingoja siku nzuri ya kupiga simu. Mara alikuwa amechoka, mara Rachelle alikuwa na homa, mara yeye mwenyewe alisema tarehe haijakaa vizuri. Peris, ambaye alijua vizuri kungoja, hakumsukuma hadi Desemba.

"Mum, zimebaki wiki tatu. Leo ni leo."

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi huo. Theluji ilikuwa imefika nusu ya magurudumu ya magari. Simu ya Rachelle ilikuwa imeshaingia, na Ernestine, badala ya kumwambia ampigie baadaye, alimwacha hewani. Alitaka binti yake asikie kwa masikio yake mwenyewe. Aliiweka simu yake juu ya meza, imeegemea chupa ya mafuta ya kupikia, na Peris akaweka yake pembeni, sauti juu, akapiga namba iliyochapwa nyuma ya kadi. Mama Donatille aliinuka akaenda bafuni.

Namba ya wenye kadi nyeusi haikuita. Sauti ya mwanamke ilijibu papo hapo, kwa Kimashi, lugha ya kwao Ernestine, na lafudhi ya upande wa Walungu kabisa.

"Mama Bagalwa. Tulikuwa tunakungoja. Umeamkaje?"

"Vizuri. Ongea Kiswahili, nina mgeni."

"Hakuna shida, mama. Tukupeleke wapi?"

"Siyo mimi, ni mtoto wangu. Atoke Kigoma aje hapa. Ana kijana mdogo, umri wake miezi kumi na saba."

"Huyo atabebwa na mama yake, hatumhesabu." Vibonye vilisikika. "Kigoma, Dar es Salaam, kusimama mara moja Ulaya, halafu Minneapolis. Nafasi ipo tarehe kumi na tisa. Kiti cha kulala."

Peris alishika mdomo. "Muulize kodi," alinong'ona.

"Wenye kadi nyeusi hawakatwi kodi," sauti ilisema. "Chakula anapenda kipi?"

"Chochote!" Rachelle alipiga kelele kutoka kwenye chupa ya mafuta. "Mwambie chochote, isipokuwa maharage!"

Ernestine aliweka mikono juu ya magoti. Alitaka baya lipite mapema. "Hana pasipoti," alisema.

"Kwa daraja lako hatuombi pasipoti."

"Na viza?" Peris aliuliza.

"Wala viza. Mama Bagalwa amevuka mipaka yote bila viza na hatukupata malalamiko. Tunachoomba ni kimoja tu, abiria awe hai."

Rachelle alicheka mpaka mtoto akaanza kucheka naye. "Niko hai, mama! Waambie niko hai na ninadaiwa nyanya!"

"Jina kamili la abiria, tafadhali."

Ernestine hakulitaja. Alilitaja Rachelle mwenyewe, kwa fahari, herufi baada ya herufi, kama mtoto wa shule anayejua jibu. "Rachelle Nabintu Bagalwa."

Vibonye vilisikika, vikaacha.

"Pole sana, mama Bagalwa," sauti ilisema. "Abiria huyu alifariki. Imeandikwa tarehe nne Februari 2014, saa tano asubuhi, Nyarugusu, hema la mahojiano namba mbili."

Bafuni nguo zilikuwa zikipigwa. Peris alimtazama Ernestine. Ernestine alitazama kadi.

"Kompyuta imekosea," alisema.

"Inawezekana, mama. Kifo kinasahihishwa palepale kilipoandikwa. Tumeangalia. Hema namba mbili liling'olewa mwaka jana, pamelimwa mihogo."

Tarehe nne Februari 2014 mvua ilikuwa inanyesha. Kambi nzima ilikuwa na kadi mbilimbili za chakula, maana kadi mbili ni unga mara mbili, na asiyekuwa na mbili alikuwa mjinga au mchungaji. Rachelle alikuwa kwenye kadi ya mama yake, na alikuwa pia kwenye kadi ya kijana aliyekuwa anaishi naye, kwa jina jingine. Ilivuma eneo lote, na mama Donatille ndiye aliyeileta habari hiyo nyumbani, kwamba wakimkuta mtu kwenye kadi mbili wanatupa faili la familia nzima. Kijana wa mahojiano alikuwa na kalamu, mafua, na foleni iliyofika mpaka zahanati. Aliweka kidole kwenye karatasi akauliza, huyu Rachelle yuko wapi? Ernestine alikuwa na nafasi ya neno moja. Alichagua fupi, akidhani litakuwa rahisi kulifuta.

"Mama?" Rachelle aliita. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Wanatafuta jina, wamechanganya."

"Mtoa taarifa ni mama mzazi," sauti ya kampuni ilisema. Haikuwa na ukali wowote. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma namba ya kiti. "Kwa kuboresha huduma, mazungumzo yote ya wasafiri wetu wa kadi nyeusi yamehifadhiwa tangu safari ya kwanza. Hili lipo kati ya safari ya maji ya asubuhi na safari ya kuni. Nikuwekee?"

Ernestine alitikisa kichwa kukataa, lakini kichwa hakisikiki kwenye simu.

Ilianza mvua juu ya turubai. Kisha mtu akapenga kamasi. Kisha sauti yake mwenyewe, Ernestine Bagalwa, ya miaka mitatu na miezi kumi nyuma, ikasema wazi: "Huyo alikufa." Kijana akauliza, kwa ugonjwa gani? "Malaria," sauti ilisema, bila kusita, kama mtu anayetaja bei. Kalamu ikaandika. Kijana akaita anayefuata.

Peris alikuwa ameshika ile kadi nyeusi, akaigeuza upande wa nyuma, akaigeuza tena. Huku Marekani alikuwa amewaona watu wengi wakipoteza maili, kwa uvivu na kwa kusahau, na kila mara alikuwa na la kusema. Sasa aliilaza kadi mezani, uso chini.

"Nafasi ya tarehe kumi na tisa nimeiachia," sauti ya kampuni iliendelea. "Nakukumbusha, mama, maili zako zinaisha mwisho wa mwezi. Ikiwa hakuna abiria mwingine, tunaweza kuzibadilisha kwa majarida. Lipo la mapishi, la boti, na la kuvua samaki kwenye barafu. Zinatosha yote matatu kwa miaka kumi na miwili."

"Nitapiga tena," Ernestine alisema.

"Tutakungoja, mama. Asante kwa kusafiri nasi." Na ikakata.

Ikabaki simu moja juu ya meza, iliyoegemea chupa ya mafuta. Kwenye kioo chake jioni ya Nyarugusu ilikuwa imeingia, na uso wa Rachelle ulikuwa nusu tu, kwa sababu mtoto alikuwa ameshika simu pamoja naye. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia vile anavyomwangalia mteja anayesema ameshalipa.

"Mama," alisema. "Ile kompyuta ya zamani. Yenye vumbi."

Ernestine alinyoosha kitambaa cha meza, kikatulia kama maji ya ndoo.

"Sikusikii, mwanangu," alisema. "Mtandao mbaya."

"Mtandao ni mzuri, mama," Rachelle alisema. "Nasikia mpaka mama Donatille anavyofua."